Pampu Yenye Kelele

“Hiyo si pampu, hiyo ni garimoshi,” Micah alisema. “Hata ukiniuliza mara kumi nitakujibu hivyo hivyo.”

“Basi tuchukue garimoshi,” alijibu mkewe, Jepkorir, akiendelea kuanika taulo.

Walikuwa wamebishana tangu chai ya asubuhi. Pampu mbili zilikaa kando ya bwawa la kuogelea la Bwana, huko Milimani. Duka moja la mashine mjini liliwapa wazijaribu, kila moja kwa wiki moja, na saa nane mchana huo lori lingekuja kuchukua ile isiyotakiwa. Moja ilikuwa ya dizeli, kubwa, yenye kutikisa vigae vya paa. Nyingine ilikuwa ya stima, ndogo kama sufuria ya ugali, na ukitaka kujua kama inafanya kazi ilibidi uiwekee mkono.

Micah ndiye aliyetunza bwawa. Jepkorir alifua nguo na kutandika vitanda.

Bwawa lilichimbwa Februari, 1956, na tangu hapo Micah hakuwahi kumwona Memsahib akiingia kupita vifundo vya miguu. Alisema maji si safi. Bwana naye alikuwa amewatangazia walowezi wote, kutoka Molo hadi Naivasha, kwamba mke wake aliogelea kama samaki alipokuwa msichana kwao Ulaya. Alichoka kungoja. Jumamosi wangekuja wageni ishirini. Kama Memsahib asingeingia majini siku hiyo, bwawa lingekuwa la mabata, na Micah angetafuta kazi kwingine.

“Sikiliza, Mama Jerop,” Micah alimwambia mkewe, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu. “Maji yanasafishwa na mchanga ulio ndani ya tangi lile. Mchanga unataka maji yapite polepole, kama chai kwenye chujio. Hiyo kubwa inayasukuma kwa nguvu mno, na uchafu unapita nayo. Hii ndogo inazungusha kutwa nzima, na jioni unaona msumari ulioanguka chini kabisa.”

“Nimeuona huo msumari. Memsahib pia ameuona. Aliingia?”

Micah alikuna kidevu. “Ataingia Jumamosi.”

“Kwetu Baringo ziwa lina rangi ya chai ya maziwa, na watu wanaingia. Sijaona mtu aliyezuiwa na rangi.”

“Kwenu hata mamba wanaingia. Ndiyo sababu hakuna anayewauliza habari za pampu.”

Jepkorir alicheka, akabana taulo la mwisho. “Hiyo kubwa ukiiwasha saa moja tu kwa siku, inatosha.”

“Saa ngapi hiyo? Asubuhi Memsahib anaandika barua. Jioni Bwana anasikiliza redio.”

“Saa nane.”

“Saa nane Bwana analala pale verandani.”

“Bwana alilala vitani mizinga ikilia, amesema mwenyewe. Kelele kubwa haimwamshi. Kinachomwamsha ni kijiko kikianguka.”

“Wewe mama, kazi ya bwawa ni yangu au ni yako?”

“Ni yako. Lakini sufuria inayoitegemea ni yangu.”

Micah aliifuta pampu ndogo kwa kitambaa. Alikuwa mtu wa kazi, na ilimuuma kwamba mke wake mwenyewe alitaka maji machafu, tena wiki ile ya kufa na kupona.

“Twende Memsahib achague,” alisema mwishowe. “Yeye ana masikio.”

“Twende,” Jepkorir alisema, upesi kuliko Micah alivyotarajia.

Memsahib alishuka bustanini na kofia pana na kitabu, amejifunga joho la kitambaa cha taulo. Alisimama hatua mbili kutoka ukingoni, kama kawaida yake. Micah alibonyeza swichi ya pampu ndogo. Maji yakaanza kuzunguka bila neno. Walisikia hata pumzi za Bwana aliyesinzia verandani.

“Tazama, Memsahib. Safi kama ya kunywa.”

Memsahib alitazama, akatikisa kichwa kidogo. “Na ile?”

Micah alimimina maji ndani ya pampu kubwa hadi ikajaa, akazungusha mpini wa kuiwashia mara tatu. Ilikohoa, ikanguruma. Njiwa wote waliondoka paani. Micah alimtazama Memsahib, akingoja azibe masikio. Memsahib alikuwa akimtazama Bwana. Bwana hakusogeza hata kidole.

“Hii,” Memsahib alipaza sauti.

“Memsahib, hii itachafua...”

“Hii. Ile ingine rudisha duka. Wewe enda na lori, shika yeye mzuri. Hapana vunja.”

Lori lilikuwa tayari langoni. Obeid, dereva wa duka, alimsaidia Micah kuipakia ile pampu ndogo, akamwona uso umekunjamana.

“Umeshindwa, mzee?”

“Nimeshindwa na watu wawili. Mmoja hajui pampu, mwingine hana masikio. Jumatatu nitakuja kwenu kuomba kazi.”

“Unajua kubeba mizigo?”

“Si unaona nimebeba huu?”

Lori liliteremka kuelekea mjini.

Ngurumo ya pampu ilijaza kiwanja chote. Memsahib aliweka kofia na kitabu kwenye nyasi, akavua joho. Ndani alikuwa amevaa nguo ya kuogelea. Aliteremka ngazi moja baada ya nyingine, ameuma meno, hadi maji yakamfika kifuani.

Jepkorir alikuwa ameshatangulia majini, leso kichwani.

“Lala hapa, Memsahib, piga miguu, Bwana hasikii maji,” alisema. “Leo nakushika kwa mkono mmoja tu.”