Kidaraja cha Mlangoni

Reli ya treni ndogo za mume wangu imezunguka gereji nzima juu ya meza, na mlangoni inapita kwenye kidaraja cha mbao. Ukitaka kuingia, unabisha hodi, unangoja Clive asimamishe treni, ndipo unakiinua.

Leo nilibisha. Kimya.

Nikajua bado amenuna. Asubuhi nilimwambia ile injini mpya, aliyoiunda kwa shaba miaka nenda rudi, inafanana na birika.

"Nuna tu, mzee, lakini chai inapoa!" Nikaweka kikombe chini, nikainua kidaraja, nikaingia.

Treni ilikuwa inakuja. Injini ilimeremeta, ikivuta mabehewa mekundu, na mbele yake hapakuwa na reli tena. Palikuwa na pengo, na chini sakafu ya saruji.

"Clive, simamisha!"

Alikuwa kitini, kidole gumba juu ya swichi. Kazi yake ilikuwa kubonyeza tu.

Nikajaribu kukirudisha kidaraja. Reli zikakataa kukutana.

"Basi nimekosa, bwana! Si birika! Simamisha!"

Hakubonyeza. Nikasema moyoni, huyu ananikomoa.

Injini ikaanguka, mabehewa yakaifuata moja moja. Gurudumu dogo likabingirika sakafuni mpaka kwenye kiatu chake, likazunguka, likalala.

Clive hakulitazama. Alikuwa akinitazama mimi, akijaribu kusema kitu, na upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umeshuka.