Wasifu wa Rael, Bila Kukatwa

"Toa hilo neno marehemu," Mzee Mabonga alisema, kidole chake kikigusa kioo cha kompyuta. "Andika Rael. Alikuwa na jina."

Joy akafuta. Alikuwa msichana wa kuchapa na kutoa kopi katika kibanda kimoja pale Huruma, na watu waliofiwa alikuwa amewazoea. Kila wiki walimjia na karatasi zao wakitaka wasifu wa kusomwa matangani, na kila mmoja alikuja na ukali wake.

"Sawa, Mzee. Na pole sana."

"Asante, msichana wangu."

Mabonga hakuwa na karatasi. Shule aliiacha darasa la tatu akaenda kuchunga ng'ombe wa watu. Kwa hivyo alisimama nyuma ya kiti cha Joy akisema, naye Joy akipiga. Kwenye benchi karibu na mlango alikaa mama mmoja mzee aliyekuja naye, kitambaa kichwani, macho barabarani.

"Huyo Mama ni dadake?" Joy akauliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna mtu alimjua Rael kumshinda huyo. Ndiyo maana nimemleta. Nataka asikie yote, halafu aseme kama ni ya kweli. Akisema ndiyo, mara moja tu, mimi nimetosheka."

"Basi tusiweke mingi sana, Mzee. Siku hizi familia inapewa dakika tano."

"Inapewa na nani?" Mabonga akamkazia macho. "Mwaka jana nilizika kaka yangu. Tulikuwa tumeandika kurasa tatu. Mheshimiwa akafika na magari manne, akashika maikrofoni, akapiga siasa mpaka saa tisa. Sisi tukaambiwa na kamati tusome majina ya watoto peke yake, eti mvua inakuja. Kaka yangu akaingia kwa udongo kama mtu hakuwahi kuishi. Ya Rael hawakati. Andika."

Joy akaandika.

Akaandika vile Rael alifanya kazi kiwanda cha nyuzi miaka kumi na tisa, mpaka wakubwa walipokila kikaisha, na wafanyakazi wakaambiwa warudi kesho. Vile alianza kuuza mboga za sucha na mrenda mlango kwa mlango, beseni kichwani. Watoto wanne aliowazaa, na watatu wa kaka yake walioachwa yatima, wote akawapikia kwa sufuria moja, hata mgeni akashindwa kujua ni nani wa kumwita mama na ni nani wa kumwita shangazi. Vile alimbeba Mulongo, mmoja wa hao wa kaka yake, mgongoni hadi hospitali ya misheni kule Plateau, mtoto ameshikwa na surua, matope yanafika magotini. Na vile mwaka wa fujo za uchaguzi alimficha jirani yao Mwihaki, mama wa duka, siku tatu chini ya magunia ya mahindi, yeye mwenyewe akakaa mlangoni akichambua mboga na kuwatukana vijana wenye marungu mpaka wakaona haya wakaenda.

"Aliwatukana aje?"

"Hiyo usiandike."

Yule mama kwenye benchi akacheka kidogo. Mabonga akageuka upesi, akamngoja aseme kitu. Mama alikuwa akimwangalia kuku aliyepita.

Mabonga akatoa picha mfukoni, ya miaka ya sabini, Rael akiwa na sare ya kiwanda na mkono kiunoni.

"Mzee, huyu alikuwa mrembo," Joy akasema.

"Na alijua."

Joy akaiweka juu ya ukurasa. "Aliugua muda mrefu?"

"Miaka minne. Nilizunguka na yeye. Huku madaktari wamegoma, huku mashine imeharibika, kule wananiambia huu ni uzee tu, Mzee, rudi na yeye nyumbani. Ingekuwa ni mama zao, hiyo mashine ingepona siku hiyo hiyo." Akageuka akatazama benchi. "Aliondoka kidogo kidogo, mimi nikiangalia."

"Na siku ya mazishi tuandike lini?"

"Hapo acha wazi."

Joy akaacha wazi. Kamati nyingine huchukua wiki mbili kukubaliana.

Karatasi ilipotoka, Mabonga hakuichukua. "Nisomee," akasema. "Polepole, na sauti, kama watu wa redio." Kisha akaenda akaketi kwenye benchi, bega kwa bega na yule mama.

Joy akasoma. Mwanamke mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti akasimama akisikiliza. Yule mama mzee aliacha kuangalia barabara. Joy alipofika kwa beseni, mama akaanza kutikisa kichwa polepole. Joy alipofika kwa Mulongo na matope ya Plateau, machozi yakamtoka, yakashuka mpaka kidevuni bila yeye kuyafuta.

Mabonga alikuwa amemwinamia.

"Ni kweli?" akamuuliza. "Niambie. Hiyo yote si ni kweli?"

Mama akamwangalia usoni kwa muda mrefu, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, Mzee," akasema. "Umepoteza mtu. Huyo alikuwa mtu." Akafikiri kidogo. "Mimi sikubahatika kupata bwana wa kunikumbuka hivyo."

Mabonga akainuka, akamsaidia kusimama.

"Twende nyumbani, Rael," akasema.