Kisima cha Mikono Mitatu

Mtoto wa Swala alitumbukia kisimani, na mvua ikawa inayapandisha maji. Ngedere, msuka kamba, akamuuliza Ndovu aliyekichimba kisima hicho, "Kina chake kiasi gani, mzee?"

"Mikono mitatu."

"Mikono ya nani?"

"Mkono ni mkono! Wewe suka," alifoka Ndovu, aliyezoea kutoulizwa mara mbili.

Ngedere akapima kwa mkono wake, akasuka, akateremsha. Kamba ikaishia juu sana, mtoto akazidi kulia.

Masikio ya Ndovu yakalegea. Mbele ya wote akaunyoosha mkonga wake, akasema kwa sauti ndogo, "Nilipimia huu."

Kamba ikaungwa upesi. Mtoto alitolewa hai, maji yamemfika shingoni. Swala alimshukuru Ngedere, akampita Ndovu kimya, naye Ndovu hakuthubutu kuinua macho.