Jibu Kutoka Saint-Émilion

Carmel alikuwa amekwisha kusuka nusu ya kichwa, na bado hakuwa ameuliza.

Kagendo alikaa kwenye kiti cha saluni kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Kila vidole vya Carmel viliposimama kuchukua rasta nyingine, na yeye alibana pumzi. Nje, malori ya makontena yalikuwa yanateremka kwenda bandarini, na vioo vya saluni vikawa vinatetemeka.

"Mlikaa vizuri kule?" Carmel aliuliza hatimaye.

"Vizuri."

"Nyumba ilikuwa kama ya kwenye picha?"

Ilikuwa vile vile. Nyumba ya mawe ya zamani sana, madirisha ya mbao yaliyopakwa samawati, mizabibu ikianzia mlangoni na kupanda mpaka juu kilimani. Kagendo, mhadhiri wa chuo kikuu hapa Durban, na mumewe Mutua, mtu wa ofisi za meli, waliikodi huko Saint-Émilion, Ufaransa, kwa wiki mbili kusherehekea miaka kumi ya ndoa. Mwaka mzima waliizungumzia safari hiyo. Lakini Kagendo hakutulia kule hata siku moja, kwa sababu ya picha nyingine, ile iliyokuwa kwenye mkoba wake.

Alipewa na Carmel juma moja kabla ya kusafiri. Kijana wa masharubu membamba, amesimama mbele ya duka huko Uvira. Ndiye Sébastien, mume wa Carmel. Mwaka wa tisini na nne alikwenda Ufaransa kuchuma zabibu, akatuma kadi moja, kisha kimya. Barua nne alizoandikiwa hazikujibiwa. Vita vilipoingia Uvira, Carmel alikimbia peke yake mpaka Durban, ile kadi akiwa ameificha kifuani. Ilikuwa na jina la kijiji. Kagendo alipolitafuta kwenye ramani, aliona ni mwendo wa dakika arobaini tu kutoka kwenye nyumba waliyokodi.

"Nenda unitafutie, dada," Carmel alimwambia siku ile, amemshika mkono kwa mikono yake miwili. "Akiwa hai, akiwa amekufa, nijue."

Kagendo aliahidi.

Siku ya kwanza alisema kesho. Siku ya pili walikwenda kuonja mvinyo kwenye maghala ya chini ya ardhi. Siku ya tatu Mutua alinuna. "Tumekuja likizo ama tumekuja kufanya kazi ya polisi?" Wakala chakula cha mchana kila mmoja akitazama mizabibu ya upande wake. Siku ya tisa Mutua alichoka kumwona mkewe akiinuka na kuketi, akachukua ufunguo wa gari mwenyewe.

Walifika kwenye kibao chenye jina la kijiji. Mutua akapunguza mwendo. Kagendo aliona paa za vigae, mnara wa kanisa, na wachumaji wameinama katikati ya mizabibu, wawili watatu wao weusi. Mmoja alisimama kunyoosha mgongo, akalitazama gari. Alikuwa mbali mno, sura haikuonekana.

Hofu ikamwingia. Je, kama ni yeye, na ana mke na watoto humo? Je, kama wataonyeshwa kaburi? Nani atalibeba jibu kama hilo mpaka Durban, aje amwambie mwanamke huku akisukwa naye nywele?

"Geuza gari," alisema.

Mutua alimtazama, akageuza.

"Na kwenye kijiji?" Carmel aliuliza. Vidole vilikuwa vimesimama. "Ulifika?"

"Nilifika."

"Ukauliza?"

"Niliuliza."

"Hata kwa meya?"

"Hata kwa meya."

"Na kanisani? Padri hana kitabu? Jina lake haiko?"

"Haliko."

Uongo wa kwanza ulikuwa mgumu kutoka. Huu mwingine ulitoka wenyewe.

"Dada, usinifiche. Hakuna hata mtu mmoja anamkumbuka?"

"Hakuna, Carmel. Nilizunguka kijiji kizima. Pole sana."

Akafungua mkoba, akamrudishia picha. Carmel aliipokea, akateleza taratibu mpaka chini sakafuni, akajifunika uso kwa aproni. Mabega yakaanza kutikisika.

Kagendo alishuka kitini, nusu ya nywele zimesukwa na nusu zimesimama wima, akapiga magoti kando yake. Hakuweza kuvumilia. Ukweli ulikuwa umeshamfika mdomoni.

"Carmel, nisikilize. Kuna jambo..."

"Sesilia!" Carmel alimpigia kelele mwenzake aliyekuwa akimwosha mteja nywele. "Kimbia ukawaite! Sema dada amerudi!"

Sesilia alitupa taulo, akatoka mbio. Hazikupita dakika mbili wakaingia wanaume wawili. Wa kwanza alikuwa Pasta Aloys, wa kanisa la Wakongo lililokuwa ghorofani, ameshika karatasi iliyopigwa chapa. Wa pili alikuwa kijana aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Alimshika Kagendo mkono.

"Huyu ni Prodige," Carmel alisema, akiuondoa uso kwenye aproni, na Kagendo akaona kwamba alikuwa anacheka huku machozi yakimtiririka. "Miaka miwili Pasta anakataa kutufungisha ndoa, mpaka mtu mwaminifu aende kule kumtafuta Sébastien, arudi aape kwamba hayuko. Weka saini hapa, dada."