Kadi za Arusi ya Verlene

Kadi za shukrani zilifika kutoka kwa mpiga chapa wa Bridgetown mwezi mmoja baada ya arusi, siku tisa baada ya Verlene kumzika mumewe. Zilikuwa nzito, rangi ya maziwa, majina yao wawili yamechapwa kwa dhahabu.

Aliandika “Tu”, kisha kalamu ikasimama. Wino ukatanda, ukawa doa.

“Mama, niandike ‘tunashukuru’ au ‘ninashukuru’?”

Mama mkwe aliacha kumenya viazi. “Watu walitoa zawadi kwa moyo, mwanangu. Msiba haufuti asante.”

“Najua. Lakini tumebaki wangapi?”

Mama mkwe alifuta mikono kwenye aproni, akavuta kiti, akaketi karibu naye.

“Wawili,” alisema. “Nipe nusu ya hizo kadi.”