Jani la Sale

Tangu mlima upewe haki ya kushtaki watu, sisi wa huku juu tumekatazwa kuwasha moto, eti theluji iliyobaki isiyeyuke. Mama mkwe wangu, Ndeanasia, aliwasha ili amchemshie maji mjukuu wake mchanga. Asubuhi Lyatuu, mlinzi wa mlima, akaja kutufukuza nyumbani.

Mama akachuma jani la sale uani, akamnyooshea kwa mikono miwili. Kwetu Uchaggani ukipewa sale unasamehe, hata kama ulikuja na panga.

Lyatuu ni Mchagga. Mkono wake ulianza kunyanyuka kulipokea. Kifaa kifuani mwake kikalia: “Mmea umejeruhiwa.”

Akaushusha mkono. “Mama, sasa ni makosa mawili.”

“Wewe ni mtoto wa nani?”

“Wa mlima,” akajibu, akaanza kuung’oa mlango wetu.