Mgongo wa Muhanga

Zama zile wanyama walipokuwa bado wanazikana, alikufa Muhanga, mchimbaji asiyejua kupumzika. Nusu ya kijiji ilikuwa ikiishi kwenye mashimo aliyoyachimba yeye.

Mjane wake hakulia wala hakula tangu msiba uingie. Waombolezaji wakamgeukia Nyani, maana ndiye aliyekuwa mtani wa marehemu, na kazi ya mtani msibani ni kuchekesha.

"Shemeji, niazime jembe la huyu mvivu," Nyani akasema.

Akaupinda mgongo kama Muhanga, akaanza kuulima uwanja huku akiigiza sauti yake: "Watoto wameshiba? Basi na mimi nimeshiba."

Msiba mzima ukaangua kicheko. Ngiri akagaagaa chini. Mjane peke yake hakucheka.

Nyani akalima weee, kisha akataka kunyooka. Mgongo ukagoma.

"Jamani, mgongo."

Wakazidi kucheka.

"Sichezi, Ngiri. Unauma kweli."

"Hapo umekosea kuigiza," Ngiri akamjibu. "Marehemu hakulalamika hata siku moja."

Mjane akainuka mkekani, akaja polepole, akaweka mkono juu kidogo ya kiuno cha Nyani.

"Ni hapa?"

"Hapo hapo, shemeji."

"Ndipo nilipokuwa nikimkanda kila jioni," akasema, na machozi yakaanza kumtoka.

Ngiri akaketi, akatazama chini. Nyani kwa aibu akajikaza ili ajinyooshe.

"Usinyooke kwanza, mtani," mjane akamwambia, akaanza kumkanda.